Tatizo la Haiba ya Kinarsisi, Unyanyapaa na Unyanyasaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara mazungumzo yanapogusa unarsisi, yaani kujikweza na kujipenda kupita kiasi. Huulizwa na watu walioumizwa na wenzi au wazazi wao, na watu walioambiwa na daktari kwamba wana tatizo lenyewe, na ndugu na jamaa waliobaki katikati. Majibu yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake, na pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Tatizo la haiba ya kinarsisi ni nini hasa?

Ni mojawapo ya matatizo ya haiba yanayotambuliwa na wataalamu wa afya ya akili, yaani mwenendo wa kudumu wa kufikiri, kuhisi na kuhusiana na watu, ambao hudhihirika kufikia mwanzo wa utu uzima, hujitokeza katika nyanja nyingi za maisha, na humletea mtu mateso au humkwamisha kazini na katika mahusiano. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuingiza utambuzi huu katika mwongozo wake wa matatizo ya akili mwaka 1980. Mwongozo unaotumika sasa una vigezo tisa: kujiona mkuu kuliko hali halisi, kuzama katika ndoto za mafanikio, mamlaka au uzuri usio na kikomo, kuamini kwamba yeye ni wa pekee na kwamba ni watu wa hadhi yake tu wanaoweza kumwelewa, kiu ya kusifiwa, kudhani kwamba anastahili upendeleo, kuwatumia wengine kwa manufaa yake, kutojali hisia na mahitaji ya wengine, husuda, au imani kwamba yeye ndiye anayehusudiwa, na majivuno. Ili abainishwe kuwa na tatizo hili, mtu anatakiwa kuonyesha angalau vigezo vitano.

Lipo jambo ambalo orodha hiyo hailisemi vizuri, nalo ni kwamba thamani anayojipa mtu huyu haitulii. Hupanda anaposifiwa na huporomoka anapokosolewa, na anguko hilo huja na aibu kali ambayo watu wa nje huiona kama hasira, dharau au ukimya. Ndiyo maana wataalamu huzungumzia sura mbili za tatizo, moja ya kujikweza waziwazi na nyingine ya unyonge na wepesi wa kuumizwa, na mara nyingi sura zote mbili hukaa ndani ya mtu mmoja kwa zamu.

Je, kila mtu mwenye majivuno au mbinafsi ana tatizo hili?

Hapana. Unarsisi kama sifa ya tabia upo kwa kila binadamu kwa kiwango fulani, kama ambavyo kila mtu ana shinikizo la damu na bado si kila mtu ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Utambuzi hutolewa pale ambapo sifa hizo zimekakamaa, zimeenea katika maisha yote ya mtu na zimemharibia mambo. Mtu anaweza kuwa mchoyo, mwongo, mwenye kiburi na mwenye kukera bila kuwa na tatizo lolote la afya ya akili, na huenda hilo ndilo jambo gumu zaidi kukubalika katika mjadala huu wote.

Tofauti hii ina uzito hata katika kusoma tafiti. Hojaji inayotumiwa zaidi, iliyotungwa na Robert Raskin na Calvin Hall mwaka 1979, hupima sifa ya unarsisi kwa watu wa kawaida, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu. Kupata alama za juu katika hojaji hiyo si sawa na kubainishwa na mtaalamu, ingawa makala nyingi huchanganya mambo haya mawili.

Ni watu wangapi wenye tatizo hili?

Inategemea namna ya kupima. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2008, uliowahoji watu wazima 34,653, ulikadiria kwamba asilimia 6.2 walikuwa na tatizo hili wakati fulani maishani, wanaume asilimia 7.7 na wanawake asilimia 4.8. Chunguzi nyingine za watu wa kawaida zimepata viwango vya chini sana, hata karibu na sifuri.

Tatizo hili husababishwa na nini?

Hakuna chanzo kimoja. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi una sehemu yake, na malezi yana sehemu yake. Katika miaka ya 1970 daktari wa akili Heinz Kohut aliliona kama zao la mtoto ambaye hakupata mwitikio wa kutosha kutoka kwa wazazi wake, huku daktari mwenzake Otto Kernberg akiliona kama kinga iliyojengwa dhidi ya hasira na husuda. Wafuasi wao wanabishana hadi leo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watoto 565 wa Uholanzi na wazazi wao. Watoto ambao wazazi wao waliwaona kuwa bora na wanaostahili zaidi kuliko watoto wengine waliongezeka unarsisi, lakini wale waliopata upendo wa wazi kutoka kwa wazazi waliongezeka kujithamini tu.

Wapo wanaowatetea wenye tatizo hili kwa kudai kwamba kila mmoja wao aliteswa utotoni. Kwa baadhi ni kweli, kwa wengine si kweli, na mtu hahitaji kuwa na historia ya mateso ndipo astahili kutendewa kwa haki.

## Tatizo hili na unyanyasaji

Je, watu wote wenye tatizo hili ni wanyanyasaji?

Hapana, na hesabu ya vigezo yenyewe inatosha kuonyesha hivyo. Kwa kuwa vinahitajika vigezo vitano au zaidi kati ya tisa, zipo njia 256 za kufikia utambuzi mmoja, na watu wawili wanaweza wote kuwa nao huku wakishirikiana kigezo kimoja tu. Kati ya njia hizo, 29 hazina kabisa kigezo cha kuwatumia wengine wala kile cha kutojali hisia za wengine. Anayezifuata hizo anaweza kuwa mtu anayeishi ndani ya ndoto za ukuu, mwenye husuda, kiu ya sifa na majivuno, anayejitesa yeye mwenyewe kuliko anavyomtesa jirani.

Hata hivyo haifai kuupamba ukweli. Kuwatumia wengine ni kigezo halali cha utambuzi, na kuishi na mtu anayedai upendeleo na asiyevumilia kukosolewa kunaweza kuchosha sana. Lakini kuna umbali mrefu kati ya mtu mgumu kuishi naye na mtu anayemtisha, kumpiga, kumfungia au kumnyima mwenzake fedha. Mfanyakazi anayejitwalia sifa za kazi ya wenzake ametimiza kigezo hicho bila kumnyanyasa mtu nyumbani.

Kwani tafiti hazionyeshi kwamba unarsisi unahusiana na ukali?

Zinaonyesha. Mwaka 2021 Sophie Kjærvik na Brad Bushman walichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 437 zenye washiriki 123,043, na wakapata uhusiano wa 0.26 (katika kipimo ambacho 0 ni kutokuwapo uhusiano na 1 ni uhusiano kamili) kati ya unarsisi na uchokozi kwa ujumla, na wa 0.23 kati ya unarsisi na matumizi ya nguvu. Uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi pale mtu alipokuwa amechokozwa, ingawa ulikuwapo hata pale ambapo hakuchokozwa.

Anayetumia takwimu hizi anapaswa kuzisoma zote. Uhusiano wa 0.26 una maana kwamba unarsisi unaeleza takriban asilimia 7 ya tofauti za uchokozi kati ya watu. Zilizobaki, yaani sehemu kubwa mno, zinatokana na mambo mengine. Isitoshe, karibu yote yaliyopimwa humo ni sifa ya unarsisi katika watu wa kawaida, wala si tatizo lililobainishwa na mtaalamu. Uhusiano upo, lakini hauwezi kumwambia mtu lolote la hakika kuhusu mtu mmoja aliye mbele yake.

Basi je, wanyanyasaji wengi si watu wenye tatizo hili?

Idadi hazikubaliani na wazo hilo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 27 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenzi wamepata kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi huyo. Hiyo ni zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne. Ni kweli kwamba mnyanyasaji mmoja anaweza kuwa na waathirika kadhaa, lakini hata ukilizingatia hilo, ukatili ulioenea kiasi hicho hauwezi kubebwa na kundi dogo la watu wenye tatizo moja la haiba.

Amy Holtzworth-Munroe na Gregory Stuart, walipowagawa wanaume wanaowapiga wake zao katika makundi matatu mwaka 1994, walikadiria kwamba kundi la kwanza, ambalo ni takriban nusu yao, halionyeshi dalili kubwa za tatizo la haiba. Mambo yanayojirudia katika maelezo ya Shirika la Afya Duniani ni mengine: kushuhudia ukatili utotoni, ulevi wa kupindukia, na mila zinazompa mwanaume haki ya kumtawala mwanamke. Mtu anaweza kumpiga mkewe kwa sababu tu alifundishwa kwamba ana ruhusa. Tukilitupa jambo hilo kwenye kapu la maradhi, tunaisamehe jamii iliyomfundisha.

"Unyanyasaji wa kinarsisi" ni utambuzi wa kitabibu?

Hapana. Maneno hayo hayamo katika mwongozo wa Marekani wala katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Ni jina lililoenezwa na waathirika, waandishi na baadhi ya washauri, na kwa kawaida hulenga mambo kama kummiminia mtu mapenzi na baadaye kumdhalilisha, kumfanya atilie shaka kumbukumbu zake, kumtenga na ndugu na marafiki, na kumwadhibu kwa kunyamaza.

Mambo hayo ni ya kweli na madhara yake ni ya kweli. Yana hata majina yasiyohitaji kumpima mtendaji akili: ukatili wa kihisia, vitisho, udhibiti wa kimabavu. England na Wales ziliufanya udhibiti wa kimabavu kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2015, na sheria hiyo inauliza mtuhumiwa alitenda nini, mara ngapi na kwa athari gani. Kwa upande wa aliyeumizwa, orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inautambua msongo changamani unaofuata kiwewe, hali inayoweza kumpata mtu aliyekaa muda mrefu katika ukatili asioweza kuukimbia kwa urahisi. Huo ni utambuzi wake yeye, na anaweza kuupata bila mtu mwingine yeyote kuchunguzwa.

Jina hilo ndilo lililonisaidia kuelewa yaliyonipata. Kuna ubaya gani nikiendelea kulitumia?

Hakuna anayepaswa kumpokonya mtu maneno yaliyomtoa gizani. Wengi walioishi miaka mingi wakiambiwa kwamba wanazidisha mambo au kwamba wana wazimu walipata pumzi kwa mara ya kwanza waliposoma maelezo ya tabia zilezile walizozipitia, na kwao lilikuwa jambo dogo kwamba maelezo hayo yalikuwa chini ya jina la ugonjwa. Anayewajibu kwa kuwasahihisha msamiati kabla ya kuwasikiliza amekosea mpangilio.

Pamoja na hayo, jina hilo lina gharama kwa waathirika wenyewe. Kwanza, huhamisha ushahidi kutoka kwenye matendo hadi kwenye utu, na hapo mnyanyasaji hupata mwanya. Akienda kwa daktari na kurudi na karatasi isemayo hana tatizo la haiba, aliyeumizwa huonekana mwongo, ilhali kipigo kilikuwapo. Pili, huwaacha nje walioumizwa na watu wasiofanana na picha ya narsisi: mume mpole mbele za watu, mama mwenye kujitoa, kiongozi mnyenyekevu. Tatu, humfanya mtu atumie nguvu zake nyingi kumsoma mwingine badala ya kujipangia usalama. Na nne, jina hilo linaweza kugeuzwa. Si ajabu siku hizi kumsikia mnyanyasaji akimwita mwenzi wake narsisi kwa sababu tu amethubutu kukataa jambo.

Nitajuaje kama mwenzi wangu ana tatizo hili?

Huwezi kujua kwa kusoma orodha, na uamuzi wako wa kubaki au kuondoka hauhitaji kulisubiri jibu hilo. Hata wataalamu wamejiwekea mipaka. Mwaka 1964 jarida moja la Marekani liliwauliza madaktari wa akili kuhusu mgombea urais Barry Goldwater, na 1,189 kati yao wakatamka kwamba hafai kuwa rais, baadhi wakimpa majina ya magonjwa bila kuwahi kumwona ana kwa ana. Goldwater alishtaki na kushinda, na mwaka 1973 chama chao kikaweka kanuni inayowakataza kutoa maoni ya kitaalamu kuhusu mtu ambaye hawajamchunguza na ambaye hajaridhia.

Linalofaa kuulizwa ni kama uko salama. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti, alitunga miaka ya 1980 hojaji ya kukadiria hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake, ambayo sasa ina maswali 20. Inauliza kama ukatili umeongezeka, kama ana bunduki, kama amewahi kukukaba koo, kama ametishia kukuua, kama anakulazimisha tendo la ndoa, kama anadhibiti shughuli zako za kila siku, kama alikupiga ukiwa mjamzito, kama umemwacha baada ya kuishi pamoja. Haiulizi popote kama ana tatizo la haiba ya kinarsisi. Ikiwa jibu la maswali kama hayo ni ndiyo, hasa lile la kukabwa koo, tafuta msaada wa watu wanaoshughulika na ukatili wa kijinsia leo, bila kungoja kumwelewa mtendaji.

## Unyanyapaa

Unyanyapaa dhidi ya watu hawa unajitokezaje?

Unaanzia kwenye lugha. Watu wenye tatizo hili huitwa mazimwi, mashetani, watu wasio na roho, na ushauri unaoenezwa zaidi ni kuwakimbia wote bila kubagua. Ni vigumu kutaja utambuzi mwingine wa afya ya akili ambao watu waungwana huruhusiwa kuutumia kama tusi bila kukemewa na yeyote.

Unaendelea hadi ndani ya kliniki. Glyn Lewis na Louis Appleby walichapisha mwaka 1988 utafiti ambao madaktari wa akili walipewa maelezo ya mgonjwa yuleyule, tofauti ikiwa ni kwamba baadhi waliambiwa ana tatizo la haiba. Hao walimwona kuwa msumbufu, mwenye kutafuta kuonewa huruma na asiyestahili sana muda wao. Utafiti huo ulihusu matatizo ya haiba kwa jumla, lakini somo lake linahusu hapa: jina pekee lilitosha kubadilisha jicho la daktari. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaosita kuliandika kwenye faili, na wapo wagonjwa wanaotibiwa sonona au uraibu kwa miaka bila tatizo lililo chini yake kuguswa.

Je, ni kweli kwamba hawana kabisa uwezo wa kuhisi hali za wengine?

Usemi huo ni wa jumla mno. Kuelewa mwenzio anahisi nini ni jambo moja, na kuguswa na anachohisi ni jambo jingine. Upungufu unaoonekana katika tatizo hili uko zaidi upande wa pili, na hubadilika kulingana na hali. Mtu anayejihisi anashambuliwa au kuaibishwa hujifunga, na mtu huyohuyo akiwa ametulia anaweza kuguswa. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu watu wenye alama za juu za unarsisi, ambao hawakuwa wagonjwa, uliona kwamba walipoelekezwa kujiweka katika nafasi ya mtu anayeteseka, waliguswa kuliko walivyoguswa bila maelekezo. Aliyeumizwa hana wajibu wa kumsubiri mtu ajifunze hilo. Lakini kusema haiwezekani ni kusema kisichothibitishwa.

Nimeambiwa kwamba anayejiuliza kama ana tatizo hili, basi hana. Ni kweli?

Si kweli, ingawa hutamkwa kwa nia njema ya kuwatuliza waathirika. Wapo watu wenye tatizo hili wanaojitambua vizuri, na wengi huingia kwenye matibabu baada ya ndoa kuvunjika, kazi kupotea au sonona kuwazidi. Usemi huu huwafungia mlango palepale walipoanza kubisha.

Je, tatizo hili linatibika?

Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa ajili yake. Dawa hutolewa kwa magonjwa yanayoambatana nalo, kama sonona. Tiba kuu ni ya mazungumzo, na zipo aina kadhaa zinazotumika, ikiwemo tiba ya skima, inayoshughulikia mifumo ya fikra na hisia iliyojengeka tangu utotoni, na tiba inayochunguza uhusiano kati ya mgonjwa na mtabibu wake. Ushahidi ni mdogo kuliko ule wa tatizo la haiba ya mpakani (tatizo jingine la haiba, lenye mihemko mikali na mahusiano yasiyotulia), ambalo limefanyiwa tafiti nyingi zaidi, na wagonjwa wengi huacha kabla ya kumaliza. Lakini mabadiliko yameshuhudiwa. Elsa Ronningstam na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 20 kwa miaka mitatu, na katika ripoti yao ya mwaka 1995 walieleza kwamba wengi wao walipungukiwa na unarsisi, wakisukumwa zaidi na matukio ya maisha: mafanikio halisi, mahusiano ya kudumu, na kuvunjika kwa ndoto kulikovumilika.

Kuacha matibabu ndiko kunakofungamana na unyanyapaa. Tatizo ambalo kiini chake ni aibu, ukilitibu kwa kumwaibisha mtu, utampoteza kabla ya mwezi kwisha.

Kwa nini tujali unyanyapaa dhidi ya watu wanaoonekana kujipenda sana?

Kwa sababu kujipenda huko mara nyingi ni gamba. Tatizo hili huambatana na sonona, wasiwasi na uraibu, na wataalamu wanaonya kwamba hatari ya kujiua inaweza kuja ghafla, baada ya kufilisika, kufukuzwa kazi au kuaibishwa hadharani, kwa mtu ambaye jana alionekana mwenye kujiamini kuliko wote. Sababu ya pili ni ya kimaslahi kwa kila mtu: asiyethubutu kutafuta tiba huendelea kuishi na watu wake walewale, na wao ndio watakaolipa.

## Hali zisizo za kawaida

Mwenzi wangu amebainishwa na mtaalamu, na ananinyanyasa. Je, ninamnyanyapaa nikiondoka?

Hapana. Kupinga unyanyapaa ni kukataa kumhukumu mtu kwa jina la ugonjwa wake, na wewe unaondoka kwa sababu ya matendo yake. Ugonjwa unaweza kueleza kwa nini ni vigumu kwake kukosolewa, hauhalalishi kukutisha. Ondoka kwa mpango, kwa kuwa kipindi cha kutengana ndicho chenye hatari kubwa zaidi katika mahusiano yenye ukatili, na mashirika ya kusaidia waathirika yana uzoefu wa kupanga hatua hizo.

Tukienda kwa mshauri wa wanandoa, tutapona?

Palipo na ugomvi wa kawaida na mtu mgumu, inawezekana. Palipo na vipigo, vitisho au udhibiti, ushauri wa pamoja haupendekezwi, kwa sababu kile unachokisema mbele ya mshauri unaweza kuadhibiwa nacho nyumbani. Kila mmoja apate msaada wake kwanza.

Mtu mwenye tatizo hili anaweza kuwa mwathirika wa unyanyasaji?

Ndiyo, na huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote. Kiu ya kukubaliwa humfanya awe mwepesi kunaswa na mtu anayejua kusifu, na akilalamika hujibiwa kwamba mtu wa aina yake hawezi kuonewa. Vituo vya msaada havina sababu ya kumhoji kuhusu utambuzi wake kabla ya kumpokea.

Nimesikia kwamba utambuzi huu umefutwa. Je, haupo tena?

Upo katika mwongozo wa Marekani, ingawa wakati wa kuandaa toleo la mwaka 2013 kulikuwa na pendekezo la kuuondoa lililokataliwa baada ya mabishano makali. Orodha ya Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, imeachana na aina nyingi za matatizo ya haiba na sasa hupima ukali wa tatizo, kisha huongeza maelezo ya sifa zinazojitokeza. Kwa hiyo mtu yuleyule anaweza kuitwa kwa jina hili katika nchi moja na asiitwe hivyo katika nchi nyingine. Watu wanaolitumia jina hilo kama hukumu ya milele wangefanya vyema kulizingatia hilo.

Ninagombea malezi ya watoto. Je, nimwambie hakimu kwamba mzazi mwenzangu ni narsisi?

Peleka matendo: tarehe, jumbe alizotuma, siku alizokosa kumchukua mtoto, maneno aliyomwambia, ripoti za polisi au hospitali. Tuhuma ya ugonjwa isiyotoka kwa mtaalamu aliyemchunguza huwa rahisi kupanguliwa, na ikipanguliwa huvuta pamoja nayo yale uliyoweza kuyathibitisha. Iwapo kuna sababu ya kweli ya kuuliza hali yake ya akili, mwombe wakili wako aombe uchunguzi rasmi.

Nina tatizo hili, na nimemwumiza mtu. Nianzie wapi?

Anza kwa kuacha tendo lenyewe, hata kabla ya kulielewa. Na kama huwezi kuliacha mkiwa chini ya paa moja, ondoka wewe. Usimtake uliyemwumiza akusikilize ukijieleza, wala usimtumie utambuzi wako kama barua ya kuombea msamaha. Mtafute mtabibu mwenye uzoefu na matatizo ya haiba, umwambie ulichofanya kwa maneno ya kawaida: nilimsukuma, nilichukua simu yake, nilimtukana mbele ya watoto. Ikiwa wa kwanza atakudharau, nenda kwa wa pili. Na kama mawazo ya kujiua yanakujia, hilo ndilo la kusema kabla ya mengine yote, kwa daktari yeyote aliye karibu.